Nyumba ya Bi Mwalimu nyuma ya skuli: boriti zinaoza, na sisi tuliosoma kwake tuko wapi?

#1 MwanaLangoni (mwenye uzi)

Assalam aleikum jamaa, na wengine wote hamjambo.

Nimerudi Amu (Lamu) wiki jana baada ya miaka minne ya kuhangaika Mombasa na Nairobi. Nilishuka Mokowe, nikavuka kwa boti, na kabla ya kufika kwa mama nikapitia ile nyumba ya nyuma ya skuli. Waliosoma pale wanaijua: mlango wa kuchongwa uliopasuka kibao kimoja, daka la mlangoni lenye baraza mbili, na kiduka cha nazi na sabuni mkono wa kushoto. Magharibi ilikuwa imeshapita. Wasichana sita wamekaa barazani, madaftari mapajani, wote wanagombania mwanga wa taa moja iliyo juu ya mlango. Mmoja alikuwa anasoma swali la hesabu la faida na hasara, la mfanyabiashara aliyenunua mayai, na wenzake wanamcheka kwa sababu kila akifika kwenye mayai anayavunja: "kumi yakapasuka, kumi yakapasuka." Nikasimama pale muda mrefu hadi mwenye duka akaniuliza nataka nini.

Jina la Bi Mwalimu silitaji hapa. Wanawe wameniomba, na yeye mwenyewe alikuwa hapendi jina lake kuandikwa popote isipokuwa kwenye rejista ya darasa. Anayemjua anamjua.

Kwa wadogo zetu wasiomjua: alitufundisha darasa la tatu na la nne, na Kiswahili kwa madarasa ya juu. Alikuwa mkali. Nalisema hili mapema, maana tangu afariki naona watu wanamsifu kana kwamba alikuwa malaika wa kutabasamu tu. Hakuwa. Ukichelewa kwa sababu umetoka chuoni, kusoma Kurani, alikusamehe, kwani alijua mwalimu wa chuoni haachii mtoto mpaka juzuu iishe. Ukichelewa kwa sababu ulikwenda kuogelea na punda pale gatini, hiyo siku utaikumbuka.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoingia 1985, skuli zikatakiwa kufundisha ufundi, kilimo na sayansi kimu, na vyombo hakuna. Wazazi ndio walioambiwa wajenge na wanunue. Wavuvi wa Langoni wanunue cherehani kwa pesa gani? Bi Mwalimu akabeba ya kwake. Kila Jumanne punda wa jirani aliileta skuli, na jioni punda huyo huyo akairudisha, kwa sababu usiku mwenyewe alikuwa anaishonea nguo za watu. Baadaye punda akachoka, au mwenye punda, sikumbuki vizuri. Cherehani ikabaki skuli moja kwa moja, na nguo za watu akawa anakuja kuzishonea darasani baada ya saa za masomo.

Na kofia. Hizi kofia zetu za kutoboa kwa mkono, ambazo moja inakula wiki na wiki, aliwafundisha wanafunzi, wasichana kwa wavulana. Maulidi yakikaribia na mji ukijaa wageni wa msikiti wa Riyadha, zinauzwa. Pesa ziliingia kwenye mkebe wa maziwa ya unga, zikatoka kulipia ada ya mtihani ya yule ambaye babake hakupata kitu baharini. Siku hizo ada ya mtihani wa darasa la nane ilikuwa juu ya mzazi.

Sasa nyumba. Aliirithi kwa mamake. Nyumba ya mawe, si kubwa, lakini ya zamani. Mnakumbuka miaka ile wazungu walipoanza kununua nyumba Mkomani na Shela, dalali alikuwa anagonga mlango kwa mlango. Kwake waligonga mara tatu. Mara ya tatu akawatilia kahawa, akawasikiza, halafu akawauliza: "Na wana wa Faza niwaweke wapi?" Maana wakati huo tayari alikuwa anakaa na wasichana wawili wa visiwani waliokosa pa kulala.

Akaiweka wakfu angali mzima, anatembea na anagomba. Nimeiona hati, mwanawe wa kwanza alinionyesha. Haina maneno mengi. Kodi ya duka kwanza itengeneze nyumba. Ikibaki, iwalishe wasichana wanaolala humo, wanaotoka visiwani au bara kuja kusoma. Ikibaki tena, inunulie skuli vitabu. Na mwisho kuna sharti mbili ambazo ni sauti yake kabisa: msichana asitumishwe kazi na mtu yeyote kwa sababu analala bure, na taa ya nje isizimwe kabla ya saa nne usiku.

Ndiyo maana nikaanzisha uzi. Nilipanda juu. Chumba cha nyuma boriti nne zimeliwa, moja nimeigusa ikamwagika unga. Wasichana wamehamishiwa chumba cha mbele, wanalala kumi mahali pa sita. Kodi ya duka haifikii kazi hiyo hata ya mwaka mzima. Sijaja na nambari ya kuchangia, msinitie maneno mdomoni. Nauliza tu tufanye nini, na tuifanye sawasawa.

#2 Kaskazi_ya_Kizingitini

Allah amrehemu. Mimi sikusoma kwake lakini dadangu mkubwa alilala nyumba hiyo miaka mitatu. Leo ni muuguzi. Nafuatilia.

#3 BintiFaza

Mwenye uzi umenifanya nilie ofisini, wenzangu wananiuliza kuna msiba gani.

Nataka kuwaeleza watu wa mjini jambo wasilolijua. Kutoka kwetu Faza kuja Amu si "kuvuka" kama mnavyosema nyinyi wa Mokowe. Siku zetu Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, ulikuwa haupitiki maji yakiwa yamekupwa, kwa hiyo safari ilikuwa ya maji, si ya saa. Na kusi likivuma, mzazi anafikiri mara mbili kumpandisha mtoto kwenye boti. Ukienda nyumbani Ijumaa huna hakika ya kuwa darasani Jumatatu. Kwa hiyo msichana wa visiwani akifaulu, swali la kwanza nyumbani haliwi karo. Linakuwa: atalala kwa nani? Mtoto wa kiume analala popote, hata dukani kwa ami yake. Binti analazwa kwa jamaa, na huko kwa jamaa anaosha vyombo, anabeba mtoto, anachota maji, kitabu anakifungua saa tano usiku macho yameshafumba. Nimepitia hayo muhula mmoja. Simlaumu mtu, ndivyo ilivyokuwa.

Bi Mwalimu aliniona nasinzia darasani. Hakunipiga. Akaniuliza jana nilikula nini na nililala saa ngapi. Jioni akaja yeye mwenyewe mpaka kule nilikokuwa nikikaa, akakaa ukumbini, akazungumza na shangazi kwa adabu zote, mambo ya afya, ya bei ya samaki, ya nani kaolewa. Akatoka na mimi na kisanduku changu. Mpaka leo shangazi anaamini ni yeye aliyetoa wazo nihamie kule.

Pale ndani nilikuta sheria. Kila mtu anafua yake. Kupika ni zamu, na zamu yake naye Bi Mwalimu ilikuwa Jumatano, biringani za nazi kila Jumatano, hakuna mjadala. Kulikuwa na kasha la mbao chini ya ngazi, kila msichana alijua ndani mna nini na hakuna aliyehitaji kuomba. Unafungua, unachukua kinachokupasa kila mwezi, unafunga. Hiyo ni zamani sana kabla ya sheria ya 2017 iliyosema serikali itawapa wasichana wa skuli sodo bure. Wangapi kati yetu tungeacha skuli siku nne au tano kila mwezi lau si lile kasha? Hakuwahi kulitaja hata mara moja. Lilikuwa linajaa tu.

Halafu ikaja ile miaka ya baada ya 2014, kafyu, na uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku. Mimi nilikuwa nimeshamaliza lakini mdogo wangu alikuwa humo. Babangu ni mvuvi wa usiku, hakujua uvuvi mwingine. Nyumba nzima ikakaa bila kitu. Bi Mwalimu alikuwa ameshastaafu, anaishi kwa pensheni ya ualimu, na bado akatuma ujumbe kwa nahodha: "Mwambiyeni babake, mtoto yuko, asije kumtwaa."

Boriti ni nne umesema?

#4 Mpenda_Hesabu

Samahani ndugu zangu, najua nitatukanwa.

Nyumba ya mawe katikati ya Amu leo ni mali kubwa mno. Kwa thamani yake mnaweza kujenga bweni la kisasa la vitanda hamsini, na maji, na vyoo, mkabakiwa na pesa za karo. Badala yake mnakaa na wasichana kumi chini ya dari linaloanguka, mnachangishana boriti kila baada ya miaka. Huruma bila hesabu haimsaidii mtoto.

Na jambo la pili, kwa heshima: wanawe je? Mama kutoa urithi wa watoto wake kwa skuli, dini inasemaje?

#5 Wakili_wa_Ndau

Nijibu la pili kwanza, maana ndilo watu wengi wanalichanganya.

Wasia na wakfu ni vitu viwili. Wasia unatekelezwa baada ya kufa, na haupiti thuluthi moja ya mali kwa mtu asiye mrithi au kwa jambo la kheri. Wakfu unaoufanya ukiwa hai na mwenye afya ni mali uliyokwisha kuitoa mikononi mwako. Haihesabiwi kwenye mirathi kwa sababu siku ya kufa haikuwa yako tena. Ukiufanya ukiwa kwenye maradhi ya mauti, hapo ndipo unarudishwa kwenye thuluthi. Kwa hiyo alivyofanya yeye, angali mzima, na wanawe wakijua, ni sawasawa kabisa. Na kwa nilivyosikia, wanawe aliwasomesha wote na shamba la minazi akawaachia. Hakuwapunja.

Kuhusu kuuza: nyumba ya wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Sisi huku ni wa madhehebu ya Shafii, na katika hili Shafii ni mkaza. Kubadilisha wakfu kunazungumzwa pale tu mali inapokuwa haileti manufaa tena kabisa, na hata hapo si kikao cha watu wa mtandaoni kitakachoamua. Kenya ina Makamishna wa Wakfu, na kuna sheria yao. Usimamizi una kanuni: hesabu za mapato na matumizi, wasimamizi wanaojulikana. Mwenye uzi, swali langu kwako ni hilo. Wasimamizi ni nani, na hesabu zipo?

Halafu angalieni alivyopanga ile hati. Matengenezo kwanza, kabla ya chakula, kabla ya vitabu. Nimeona wakfu nyingi Pwani hii zilizokufa kwa sababu kila senti iligawiwa wenye shida na ukuta ukasahauliwa, mpaka nyumba ikawa gofu na wenye shida wakakosa vyote viwili. Huyu mama alijua.

#6 Mpenda_Hesabu

Nimeelewa kuhusu mirathi, shukran wakili. Kwenye hesabu bado sijakubali. Matengenezo kwanza kwa kodi ya kiduka cha nazi? Kodi hiyo ilikadiriwa lini? Hata yeye angeiona leo angesema haitoshi.

#7 FundiChokaa

Mimi ni fundi, babangu ni fundi, na nyumba hiyo babangu ameipiga chokaa zaidi ya mara moja. Wacha niwaeleze kazi yenyewe mjue mnachozungumza.

Vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba. Si kwa urembo. Upana wa chumba umefuata urefu wa boriti ya mkoko, mita mbili na nusu, tatu hivi, ukizidi hapo boriti inakatika au inapinda. Juu ya boriti unapanga mawe ya matumbawe, juu ya mawe unamimina kokoto na chokaa, unapigapiga mpaka inashika. Dari zito sana. Boriti ikiwa kavu inadumu miaka na miaka. Adui yake ni maji. Kwa hiyo boriti nne zimeoza chumba kimoja, mimi sianzi na boriti. Naanza kuuliza maji yanatoka wapi. Nina hakika ni juu, mfereji wa mvua umeziba au chokaa ya paa imepasuka. Mkibadilisha boriti bila kuziba hapo, baada ya masika machache mtanialika tena.

Kuna mtu atakuja kuwaambia mimineni zege. Msikubali. Zege ni zito na gumu, ukuta wa matumbawe na chokaa haukujengwa kulibeba, na saruji inafungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta. Baada ya muda ukuta unamenyuka kama ngozi iliyoungua. Isitoshe, mji wa kale unalindwa, tangu 1986 kwa sheria ya Kenya na tangu 2001 uko kwenye orodha ya urithi wa dunia. Huvunji dari na kubadilisha upendavyo, unakwenda kwanza kwa watu wa makumbusho pale mjini. Si wabaya, mimi huwa wananishauri vizuri.

Boriti zinauzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mnahitaji nne, lakini mimi ningefungua dari lile nusu nzima nione za jirani. Semeni korija moja, zitakazobaki zitafaa jikoni. Tangu ile marufuku ya kukata miti ya 2018 wakata mikoko walikwama, na baadaye kupata mti ulionyooka, wenye kibali, si kazi ya siku moja. Msinunue za magendo kwa ajili ya nyumba ya wakfu, itakuwa aibu.

Kazi yangu mimi sitozi. Wasaidizi wangu wawili wana watoto, hao mtawalipa.

Alinifundisha kusoma, huyo bibi. Nilikuwa na miaka kumi na moja sijui kusoma, nimekaa nyuma nanakili maumbo. Aliniketisha mbele akawa ananipa kusoma majina ya majahazi. Akanituma gatini niandike majina ya vyombo vyote vilivyotia nanga, nikirudi nayasoma mbele ya darasa. Ndivyo nilivyojua herufi. Mpaka leo nikiona jahazi nasoma jina kwanza, kisha naangalia tanga.

#8 Kobe_Mzee

Majina ya majahazi! Subhanallah, nilidhani ni mimi tu aliyetumwa gatini. Kumbe alikuwa anatutuma wote wazito wa kusoma na kila mmoja anadhani amependelewa.

Mimi nilipewa bakora na huyo mama kwa kuuza kofia mbili nje ya mkebe. Pesa nikanunua mpira. Hakuuchukua mpira. Akaniambia mpira ni wa skuli kuanzia leo, na mimi ndiye mtunzaji, ukipotea nitashona kofia mbili nyingine. Nililala na mpira ule mwaka mzima.

Mpenda_Hesabu, swali lako la kodi nalijibu mimi kwa sababu namjua mpangaji. Kodi haijapandishwa tangu Bi Mwalimu afariki. Wasimamizi ni mwanawe wa kwanza na wazee wawili wa mtaani, watu wema, lakini wote watatu wanamwonea haya mwenye duka kwa kuwa alikuwa anamletea Bi Mwalimu dawa alipokuwa mgonjwa. Hilo ndilo tatizo lenu. Si nyumba.

#9 Mpenda_Hesabu

Sasa hiyo ndiyo hesabu. Kobe Mzee, mzungumzie mwenye duka. Mimi nitachangia mawe na chokaa, na nitawatengenezea kitabu cha mapato na matumizi ambacho hata kamishna hatakuwa na la kusema. Si kwamba nimebadili mawazo kuhusu bweni.

#10 MwanaLangoni (mwenye uzi)

Jamaa, nimechelewa kurudi hapa kwa sababu nilikuwa juu ya paa.

Fundi alisema kweli. Mfereji ulikuwa umejaa majani ya mwarobaini wa jirani na kiota cha ndege. Maji yalikuwa yanakaa palepale juu ya chumba cha nyuma, kila mvua. Tumeusafisha. Wakati tunausafisha wasichana wamesimama chini wanatupokea majani kwa ndoo, na mmoja, yule wa mayai, akatuuliza kama tunalipwa. Fundi akamwambia ndiyo, tulilipwa zamani.

Mwenye duka tumekwenda kumwona, mimi, Kobe Mzee na mwana wa Bi Mwalimu. Tulikwenda tumejiandaa kwa vita. Mzee wa watu akasema alikuwa anangoja miaka mitatu mtu amwambie kodi mpya ni ngapi, yeye aliona haya kujipandishia mwenyewe. Tumekubaliana, itaandikwa, wakili atatusomea kabla ya kutia sahihi. Hesabu za zamani zipo, kwenye daftari la skuli lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Mpenda_Hesabu nimekutumia picha, usicheke mwandiko.

Makumbusho wameshapelekewa barua. Wamesema watatuma mtu wao aje aangalie dari kabla hatujaligusa.

Zimebaki boriti.

#11 BintiFaza

Boriti zisikushughulishe. Babangu amezungumza na mkata mikoko mwenye kibali, korija moja, zilizonyooka, amezichagua yeye mwenyewe moja moja. Kapakia tayari. Nahodha hataki nauli, amesema binti yake yuko humo ndani anasoma.

Wanatoka kesho maji yakijaa, Mkanda watapita kabla ya adhuhuri. Mtu awe gatini na punda, watatu wasipungue, maana babangu ana mgongo na msimwache abebe. Atakataa kukaa. Mwambieni Bi Mwalimu kasema akae.

#12 Kobe_Mzee

Punda wawili ninao. Wa tatu naomba kwa jirani.